Wainuit, Kamera na Haki ya Kusikilizwa

Mwezi wa Julai mwaka 2012, katika kijiji cha Igloolik kaskazini kabisa mwa Kanada, kulifanyika kikao cha hadhara ambacho habari zake hazikuenea sana duniani. Tume inayochunguza athari za miradi mikubwa katika jimbo la Nunavut ilikuja kusikiliza maoni ya wananchi juu ya mpango wa kuchimba mawe ya chuma mahali paitwapo Mary River, katika kisiwa cha Baffin. Miongoni mwa waliosimama kusema alikuwamo Zacharias Kunuk, mtengenezaji wa filamu na video, Mwinuit mzaliwa wa sehemu hizo hizo. Hakutegemea karatasi peke yake. Alileta mbele ya tume ushahidi wa video, akaomba upokewe rasmi na kuwekwa pamoja na taarifa za wahandisi na wanasheria.

Kunuk hakusimama pale kuufukuza mgodi. Katika Nunavut, kama ilivyo katika sehemu nyingi za dunia, kazi ni chache na vijana wanaozitafuta ni wengi, na wapo Wainuit waliokuwa wakiungoja mgodi huo kwa matumaini. Alilolitaka ni jambo linaloonekana dogo, kumbe ni kubwa. Alitaka watu watakaoathirika waelezwe kwa lugha yao wenyewe, kwa sauti na kwa picha, mambo yaliyoandikwa katika maelfu ya kurasa za Kiingereza. Alitaka wapewe nafasi ya kushauriana kwa desturi yao kabla ya kutoa jibu. Tena alitaka athari za mradi kwa haki za binadamu zipimwe, kama zinavyopimwa athari zake kwa maji, hewa na wanyama. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hawezi kusemwa ameridhia jambo ambalo hakuelezwa akalielewa.

Huenda msikilizaji akauliza: msanii ana shughuli gani katika kikao cha wahandisi? Jibu la swali hilo limo katika historia ya watu wa Igloolik, na katika maana ya barafu kwa watu hao.

Igloolik ni kisiwa kidogo chenye wakazi wapatao 2,000, kiasi cha digrii 69 kaskazini mwa Ikweta. Mwishoni mwa mwezi wa Novemba jua huzama huko, na halionekani tena mpaka katikati ya Januari. Kwa sehemu kubwa ya mwaka bahari yote inayozunguka kisiwa hicho huwa imeganda. Mgeni anayepita kwa ndege huitazama barafu hiyo akaona jangwa jeupe lisilo na faida. Mwinuit huiona kuwa barabara, kwa kuwa juu yake husafiri, zamani kwa magari yakokotwayo na mbwa na siku hizi kwa pikipiki za theluji. Huiona kuwa ghala, kwa kuwa chini yake wamo sili na samaki wanaomlisha. Huiona pia kuwa shule, kwa kuwa hapo ndipo kijana anapofundishwa kuutambua upepo, ufa na rangi ya maji, mambo ambayo asiyeyajua hupoteza maisha. Basi barafu inapochelewa kuganda, au inapoganda ikiwa nyembamba, watu hao huwa wamefungiwa barabara, ghala na shule kwa siku moja.

Na barafu hiyo inapungua. Vipimo vya wanasayansi vimeonyesha kwamba tangu mwaka 1979 joto la eneo la Aktiki limepanda upesi karibu mara nne kuliko wastani wa dunia nzima. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule wa 2012, miezi miwili tu baada ya kikao cha Igloolik, barafu ya bahari ya Aktiki ilipungua hata ikabaki kiasi cha kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana kabla ya hapo tangu setilaiti zilipoanza kuipima. Sababu yake kubwa inajulikana. Ni hewa chafu itokanayo na makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambayo kwa zaidi ya miaka 150 imekuwa ikitoka hasa katika viwanda, magari na mitambo ya mataifa tajiri. Wainuit hawakuijenga mitambo hiyo, wala faida yake haikuwafikia isipokuwa kwa uchache. Hapo ndipo suala la barafu linapotoka katika elimu ya hewa na kuingia katika suala la haki.

Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi, na ushahidi huhitaji shahidi anayekubaliwa. Kwa muda mrefu Wainuit walipigwa picha na watu wengine, wakaandikwa na watu wengine, na habari zao zikatangazwa kwa lugha za watu wengine. Jinsi walivyopata kushika kamera wenyewe ni kisa kinachofaa kutafakariwa na kila mtu anayefanya kazi ya utangazaji.

Mwaka 1972 Kanada ilirusha setilaiti yake ya mawasiliano iliyoitwa Anik, na katika miaka iliyofuata vipindi vya televisheni kutoka miji ya kusini vikaanza kufika katika vijiji vya Aktiki. Vijiji vingi vilivipokea kwa shangwe. Igloolik ilipiga kura mwaka 1975 na ikakataa. Ilipiga kura tena mwaka 1979 na ikakataa mara ya pili. Watu wa Igloolik hawakukataa kwa kuuchukia ufundi mpya. Walikataa kwa sababu katika vipindi vile vyote hapakuwa na habari zao wala lugha yao, Kiinuktitut, na wazee walihofu kwamba mgeni huyo atakayekaa sebuleni usiku na mchana atawafundisha watoto kuwaona wazazi wao kuwa watu wasio na la kusema. Ni baada ya kuanzishwa shirika la utangazaji la Wainuit wenyewe, lililoanza kurusha vipindi vya Kiinuktitut mwaka 1982, ndipo Igloolik ilipoufungua mlango mwaka 1983.

Wakati huo Zacharias Kunuk alikuwa amekwisha kupata kamera. Alizaliwa mwaka 1957 katika kambi ya wawindaji iitwayo Kapuivik, na alipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi alipelekwa Igloolik kusoma, kama walivyopelekwa watoto wengi wa kizazi chake. Alipokua akawa mchongaji wa vinyago vya mawe. Mwaka 1981 alikwenda Montreal, akauza vinyago vyake, na kwa fedha alizozipata akanunua kamera ya video. Alikuwa amezoea kumwona baba yake na wenzake wakirudi kutoka mawindoni, wakikaa na kunywa chai huku wakisimulia yaliyowapata. Akaona kwamba masimulizi yale, ambayo hapana kitabu kilichoyahifadhi, yangeweza kuhifadhiwa na mashine ile.

Mwaka 1990 Kunuk, pamoja na Paul Apak Angilirq, Pauloosie Qulitalik na Norman Cohn, walianzisha kampuni ya Isuma, neno la Kiinuktitut lenye maana ya kufikiri. Mwaka 2001 filamu yao iitwayo Atanarjuat, ambayo wahusika wake wote wanasema Kiinuktitut, ilipata katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa tuzo inayotolewa kwa filamu bora ya kwanza ya mwongozaji. Sifa hizo hazikuwaondolea shida ya fedha, na kampuni ile ya awali ilifilisika mwaka 2011. Kazi yenyewe haikusimama.

Kwa kufuata mwendo huo wa kusikiliza wazee, Kunuk alishirikiana na Ian Mauro, mtafiti wa mambo ya mazingira, wakatengeneza filamu iitwayo Qapirangajuq, juu ya elimu ya Wainuit na mabadiliko ya tabianchi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Toronto mwezi wa Oktoba mwaka 2010, na wakati huo huo ikarushwa kwa njia ya intaneti. Baada ya picha kumalizika, waliomo ukumbini na waliokuwa mbali walipata nafasi ya kuwauliza maswali watengenezaji wake. Katika filamu hiyo hasikiki mtangazaji anayewasemea wazee. Wawindaji, wanaume kwa wanawake, wanasema wenyewe waliyoyaona: pepo zilizobadili mwelekeo, barafu iliyokuwa nene na sasa ni nyembamba, ngozi za sili zilizopungua ubora.

Jambo moja walilolisema lilizua ubishi. Wazee wa vijiji mbalimbali, waishio mbali mbali, walisema kwamba jua halichomozi tena mahali pake pa zamani, na kwamba nyota nazo zimehama. Wakakata shauri kwamba dunia imeinama kwenye mhimili wake. Wanasayansi waliposikia hayo baadhi yao walikunja uso, maana vipimo vyao havikuonyesha kuinama kwa namna hiyo, na wakaona kwamba kuyatangaza maneno hayo kutauharibia jina uchunguzi wote wa mabadiliko ya tabianchi.

Wepesi wa kucheka ungeweza kulimaliza jambo hilo hapo. Lakini watu ambao kila mwaka hukaa gizani wakilingoja jua lirudi hawawezi kuwa wamekosea wote pamoja juu ya mahali linapotokea. Lilipochunguzwa zaidi, maelezo yalipatikana katika hewa. Tabaka la hewa yenye joto likilala juu ya hewa ya baridi iliyo karibu na barafu, mwanga wa jua hupinda unapopita katikati yake, na jua huonekana mahali ambapo kwa hakika halipo, kama vile fimbo iliyotumbukizwa majini inavyoonekana imevunjika. Joto la Aktiki linapobadilika, kupinda huko nako hubadilika. Kwa hiyo wazee walikuwa wameona sawasawa. Walichokosea ni sababu tu. Na wanasayansi walikuwa na sababu, lakini bila macho ya wazee wasingejua kwamba pana jambo la kuelezwa.

Haifai kutoka hapo mtu akadai kwamba kila neno la mzee ni sahihi na kila neno la mtaalamu ni kosa. Katika filamu ile ile wawindaji wanasema kwamba dubu weupe hawajapungua, bali wanaonekana kwa wingi karibu na vijiji, na kwamba wanaowasumbua ni watafiti wenyewe, kwa helikopta zao, dawa za kuwalaza na mikanda ya shingoni. Watafiti wanajibu kwamba dubu wakionekana wengi karibu na vijiji si lazima wawe wameongezeka. Huenda wamefukuzwa huko na upungufu wa barafu. Filamu haikuumaliza ubishi huo. Imewakalisha wenye elimu mbili katika baraza moja, kila mmoja akisema kwa kinywa chake. Anayesikiliza ndiye atakayepima.

Wainuit walikuwa wamejaribu pia mlango wa sheria. Tarehe 7 Desemba mwaka 2005, Sheila Watt-Cloutier, aliyekuwa kiongozi wa baraza la Wainuit la kimataifa, pamoja na wenzake 62 wa Kanada na Alaska, walipeleka malalamiko mbele ya tume ya haki za binadamu ya nchi za bara la Amerika. Walidai kwamba Marekani, kwa kutoa hewa chafu nyingi bila kuidhibiti, ilikuwa ikiwanyima haki yao ya kuishi kwa utamaduni, mali na afya yao. Mwaka 2006 tume ilikataa kuyaendeleza malalamiko hayo, ingawa mwezi wa Machi mwaka 2007 iliwaita mjini Washington kueleza uhusiano uliopo kati ya kuongezeka kwa joto duniani na haki za binadamu. Shauri halikusikilizwa, lakini jambo lilikuwa limekwisha kusemwa: kwamba kuyeyuka kwa barafu kwaweza kuwa dhuluma, na kwamba dhuluma hiyo ina mtendaji na ina mtendewa.

Mambo yote hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya Kunuk aliposimama mbele ya tume mwaka 2012. Mpango uliokuwa mezani ulikuwa wa kuchimba tani milioni 18 za mawe ya chuma kila mwaka, kuyasafirisha kwa reli ya kilomita 149 mpaka bandari mpya upande wa kusini, na kuyapakia katika meli ambazo zingeikata barafu majira yote ya mwaka, kupitia maji ambayo watu wa Igloolik wanayategemea kwa mawindo. Meli ikiisha kupita, huacha nyuma yake barabara iliyokatika. Mabadiliko ya tabianchi na mradi ule, kwa macho ya mwindaji, yalikuwa mambo mawili yanayovunja barafu ile ile.

Makubaliano ya mwaka 1993, yaliyozaa jimbo la Nunavut mwaka 1999, yaliwapa Wainuit haki ya kusikilizwa katika miradi ya namna hiyo. Swali la Kunuk lilikuwa juu ya namna ya kusikilizwa. Elimu ya Wainuit ni ya kusikia na kutazama. Mzee hujifunza na kufundisha kwa mazungumzo. Kumpa kitabu kikubwa cha lugha asiyoijua, kisha kumwuliza anasemaje, ni kumwuliza kwa dhamira ya kutopata jibu. Ndiyo maana yeye na wenzake walitumia redio ya kijiji na video kuwaeleza watu mpango ule na kuyachukua maoni yao, wakayapeleka kwenye tume kama yalivyosemwa.

Mwezi wa Desemba mwaka huo mradi ulipewa kibali, pamoja na masharti mengi. Haiwezi kusemwa, basi, kwamba kamera iliushinda mgodi. Hata hivyo mambo hayakuwa kama zamani. Kampuni yenyewe iliupunguza mradi na kuanza kwa barabara iendayo kaskazini. Ile reli ya kusini haikujengwa katika miaka kumi iliyofuata. Mwezi wa Februari mwaka 2021 wawindaji wa vijiji vingine viwili walikaa katika baridi kali kuufunga uwanja wa ndege wa mgodi, wakipinga mpango wa kuongeza uchimbaji. Mwezi wa Novemba mwaka 2022 serikali ya Kanada iliukataa mpango huo wa nyongeza. Sauti zilizowahi kuandikwa pembeni mwa taarifa zilikuwa zimeingia katikati yake.

Mwaka 2019 Isuma ilichaguliwa kuiwakilisha Kanada katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice nchini Italia. Filamu waliyoionyesha inasimulia siku moja ya mwaka 1961, ambapo ofisa wa serikali anamfuata mwindaji Noah Piugattuk juu ya barafu kumshawishi aihame kambi yake, akae kijijini na kuwapeleka watoto shule. Ofisa anasema, mkalimani anatafsiri, mzee anajibu, na kila mara maana inapotea njiani. Hakuna anayepiga mtu, wala hakuna anayepaza sauti sana. Lakini anayetazama anaelewa jinsi watu wanavyoweza kupoteza nchi yao katika mazungumzo ya chai, kwa sababu tu anayeuliza hana haja ya kulielewa jibu.

Kwa wakazi wa nchi za Maziwa Makuu kisa hiki si cha mbali kama ramani inavyodhani. Mpakani mwa Uganda na Kongo, katika milima ya Ruwenzori, ipo barafu ambayo Wakonzo, katika itikadi yao ya jadi, waliihesabu kuwa makao ya Kitasamba. Mwaka 1906 barafu hiyo ilienea kiasi cha kilomita za mraba 6.5, mwaka 2003 ilikuwa imepungua hata haikufikia kilomita ya mraba moja. Wakonzo, kama Wainuit, hawakuichoma hewa iliyoiyeyusha. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa hiyo chafu ya dunia.

Nchini Kenya, mkulima wa Kitui aitwaye Kisilu Musya alipewa kamera, akaipiga picha familia yake na shamba lake kwa miaka kadhaa, akionyesha ukame na mafuriko yalivyopokezana. Mwaka 2015 alifika Paris ulikofanyika mkutano wa mataifa juu ya tabianchi, akasema kwa niaba ya wakulima wenziwe. Mwaka 2017 filamu aliyoitengeneza pamoja na mwongozaji wa Norway, Julia Dahr, ilianza kuonyeshwa duniani. Hakumsubiri mtu mwingine kuja kuutazama ukame wake na kwenda kuuandika.

Mikutano ya dunia juu ya tabianchi itaendelea kufanyika, na tarakimu za joto na za fedha zitaendelea kusomwa humo. Tarakimu hizo ni za lazima. Lakini tarakimu haijui ni kijiji gani kilichofungiwa barabara, wala ni nani aliyezama alipokuwa akipita mahali ambapo baba yake alipita salama. Anayeyajua hayo ni mkazi wa mahali hapo. Walivyotenda watu wa Igloolik ni funzo kwa kila mnyonge: waliikataa televisheni mpaka iseme lugha yao, kisha wakaishika kamera wenyewe, na ilipofika siku ya kutoa ushahidi walikuwa nao. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Katika shauri hili la dunia kuungua, yule aijuaye adhabu bado yu hai, na anaweza kusema. Wajibu wa walio na madaraka ni kumsikiliza kwa lugha anayoisema.